Homa Iliyomuua Mama

Shamba la Sungai Merah, Tawau
11 Februari 1996

Dada Kristina,

Nakusalimu wewe, shemeji Blasius na Modesta, na kuku wako wote kwa majina yao. Barua hii nampa Siprianus, mtoto wa mzee Moan Heret, anarudi nyumbani Flores kwa meli ya wiki ijayo. Ikifika inanuka samaki usinilaumu mimi.

Huku tu wazima. Gaspar aliangukiwa na kuti la mchikichi mguuni, akalala siku mbili akiugulia utadhani yeye ndiye anayejifungua. Sasa amerudi kazini, anakata mikungu, mimi naokota chikichi zilizomwagika chini. Mgongo wangu ni uleule unaoujua. Mvua haijakatika tangu Noeli, nguo tunazianika juu ya jiko, kwa hiyo kanisani tunaingia tunanuka moshi.

Jumapili alikuja Misi Rosnah, nesi wa shamba. Hapa nesi wanamwita Misi hata akiwa na wajukuu. Alitukusanya wanawake kwenye banda la mizani, akawafukuza wanaume, akatoa titi mfukoni. Usicheke. Titi la soksi, amelishona mwenyewe na kulijaza pamba, ndani kaficha punje ya mahindi, mbegu ya ukwaju na kijiwe. Tukapokezana tukibonyeza. Mama Ludgardis, yule wa kisiwa cha Adonara, akauliza, “Misi, hili la nani? Mbona limenyooka kuliko langu?” Tukacheka sana. Misi akasema, “Cheka, mama, lakini huku unatafuta.”

Halafu akauliza, “Nyote mnaoga na saruni, siyo? Mmejifunga mpaka kifuani, mnajimwagia maji juu yake. Sasa niambieni, lini mara ya mwisho mmeyaona matiti yenu?” Dada, nilijaribu kukumbuka, sikukumbuka.

Akasema ukiona uvimbe au sehemu ngumu ambayo zamani haikuwepo, kwenye titi au kwapani, njoo. Ngozi ikibonyea au ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, njoo. Chuchu iliyokuwa nje ikageukia ndani, au ikatoa damu, njoo. “Na msisubiri kuumwa,” akasema. “Mara nyingi haliumi. Uvimbe mwingi si kansa, lakini wa kusema hivyo ni daktari, siyo wewe na shoga yako jikoni.”

Mwisho akatuuliza mmoja mmoja kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua titi, mama au dada au shangazi. Nikamwambia nitauliza. Basi nakuuliza wewe. Mama alikufa na nini?

Wako,
Dikta


Wolokelan
2 Aprili 1996

Dikta mdogo wangu,

Barua imefika na kweli inanuka, paka ameilalia siku nzima. Tumefurahi kusikia mko salama. Mwambie shemeji kuti la mguuni halijawahi kumuua mwanamume wa kwetu, kelele ndiyo itamuua.

Mahindi tumevuna, si haba. Shemeji yako Blasius aliacha pombe yake ya tuak kwa ajili ya Kwaresima, akawa mkali kama nyigu, mpaka padre mwenyewe akamwambia anaweza kunywa kikombe kimoja, Mungu ataelewa. Modesta ameanza kufunga nyuzi za utan yake ya kwanza, saruni ya kufuma kwa mkono wake mwenyewe. Anafunga kama mtu anayefunga mbuzi. Nimemwambia ukipeleka nyuzi hizo kwenye nili zitatoka na maua ya wendawazimu, akanijibu, “Basi nitavaa wendawazimu, Mama, ni wangu.” Kumi na tisa sasa. Mdomo kama wako.

Huyo nesi anayetembea na titi mfukoni msalimie. Mimi sina muda wa kujipapasa. Nikitoka shambani nakaa kwenye kitanda changu cha kufumia, mkanda mgongoni, mti tumboni, mpaka jua linazama.

Umeuliza habari za Mama. Mama alikufa kwa homa. Ulikuwa mtoto, hukumbuki. Homa ilimpanda ikamchukua. Mwambie nesi hivyo.

Nimetega mtande wa utan yako, ile niliyokuahidi. Nyekundu ya mizizi, siyo ya dukani.

Dada yako,
Kristina


Sungai Merah
9 Juni 1996

Dada Kristina,

Nashukuru kwa barua na kwa habari za Modesta. Mwambie mama yake mdogo anataka picha ya hayo maua ya wendawazimu.

Sisi wazima. Mvua imepungua. Gaspar anakusalimu.

Nimemwambia Misi Rosnah kwamba Mama alikufa kwa homa. Aliandika kwenye daftari lake. Akasema, “Sawa, lakini hata kama kwenu hakuna, njoo Jumamosi nikuangalie.” Nikamwambia nitakuja. Jumamosi kulikuwa na chikichi nyingi za kuokota, sikwenda.

Nilitaka kukuuliza kitu kingine. Mama alipokuwa anaoga chemchemini, hakuna mwanamke aliyemwona? Hata akibadili utan?

Si lazima ujibu. Nimeuliza tu.

Dikta


Wolokelan
20 Agosti 1996

Dikta,

Salamu kutoka kwetu sote. Tuna afya, isipokuwa nguruwe mdogo amekufa, yule mwenye doa. Barua yako ilikaa wiki tatu kwa karani wa kijiji kwa sababu alikwenda harusini Larantuka na ufunguo wa sanduku mfukoni.

Hilo swali lako silielewi. Nani anamwona nani chemchemini? Unafika na utan yako, unaipandisha kwapani, unaoga ndani yake, unavaa kavu juu ya iliyolowa, iliyolowa inadondoka miguuni. Ndivyo Mama alivyotufundisha, ndivyo ninavyofanya, na ndivyo unavyofanya wewe hata huko ulikokwenda. Mtu mzima hayuko uchi mbele ya mtu. Na hata mbele yake mwenyewe, uchi wa nini?

Tena naona unapenda sana mambo ya Mama siku hizi. Miaka ishirini hukuuliza. Mwache alale.

Utan yako imefika nusu. Kipande cha kwanza nimekimaliza, kimekaa vizuri. Dua Sensia, yule bibi jirani, alikuja kukipima kwa macho akasema, “Hii ya mtu wa Malaysia? Atakwenda kuivaa wapi, kwa michikichi?” Nikamwambia hata michikichi ina haki ya kuona kitu kizuri.

Mbona barua yako ilikuwa fupi? Kama mmegombana na Gaspar niambie.

Kristina


Sungai Merah
3 Novemba 1996

Dada,

Salamu zote unazijua, chukua zile za barua iliyopita.

Sikugombana na Gaspar. Nina kitu kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa. Nilikigusa mwezi wa kwanza, kabla Misi Rosnah hajaja na soksi yake. Nilikuwa nabeba gunia, kamba ikapita hapo, nikasikia kitu kimekaa ndani. Kilikuwa kama ile mbegu ya ukwaju. Ndiyo maana niliipata haraka kuliko wote pale bandani, nikasifiwa.

Sasa ni kama kungumanga. Nikiinua mkono, ngozi inabonyea hapo. Nimeiona kwa kioo cha pikipiki ya Gaspar, alipokuwa kazini, mlango nimeufunga. Hakiumi. Heri kingeuma, ningejua la kufanya.

Sikia, dada. Nilipokuuliza habari za Mama nilitaka uniambie ni homa. Ukaniambia ni homa. Nikapumzika. Misi kila akiniona ananiita, “Benedikta, lini?” nami namjibu kwetu hakuna. Tangu barua yako ifike imepita miezi mitano, na kitu hiki nacho hakikulala. Nilitaka kusema sikulaumu. Nakulaumu kidogo.

Kwa sababu mimi si kwamba sikumbuki kabisa. Nakumbuka mlinihamishia kwa shangazi. Nakumbuka majani mliyoyatandika chini ya mlango wa Mama ili harufu isitoke. Nakumbuka ukifua vitambaa kule chini, mbali na chemchemi, ambako hakuna anayechota maji. Homa haifuliwi, dada.

Nimekuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu, ila ni mwili mzima. Napika, naokota, nacheka Ludgardis akisema mambo yake. Silii. Gaspar nimemwambia jana, yeye ndiye aliyelia. Nilimpa chai.

Nataka kujua ilianzaje kwa Mama. Nataka kujua itakuwaje. Daktari atauliza, na sitaki kumwambia homa tena.

Benedikta


Wolokelan
19 Januari 1997

Dikta mdogo wangu,

Barua yako niliipata tarehe saba Desemba. Nimeanza kukujibu mara tatu. Ya kwanza nilikuandikia habari za Noeli. Ya pili nilikugombeza. Ya tatu Modesta aliikuta mezani, akasoma yako pia, akaja kusimama mbele ya kitanda changu cha kufumia, mimi nikiwa nimefungwa humo na mkanda, siwezi kuondoka.

“Mama, Bibi alikufa na nini?”

“Homa.”

“Mama mdogo anaoza kule, wewe unasema homa?”

Nikampiga na mti wa kufumia mkononi. Sijawahi kumpiga tangu apate kipaimara. Hakusogea. Akasema, “Nipige tena, halafu uniambie.” Nikafungua mkanda nikaenda kulisha nguruwe. Nilikaa kwa nguruwe mpaka jioni.

Sasa naandika mara moja tu, nisirudie kusoma.

Mwaka ule wa kipaimara chako Mama alikuwa anakufumia utan. Alikuwa amechelewa. Akafa mzee Moan Goris nyumba ya juu, na unajua kwetu maiti ikiwa kijijini, mpaka matanga yaishe, hakuna mwanamke anayekaa kufuma. Mama alikaa. Alifunga mlango, akapiga ule upanga wa mti wa kukazia nyuzi taratibu ili usisikike, maana askofu alikuwa anakuja Jumapili na wewe hukuwa na kitu cha kuvaa. Dua Sensia alisikia.

Baada ya miezi kadhaa Mama aliniambia titi lake la kulia limekuwa gumu, pale mti unapomgonga akiinama. Akasema ni kitanda kimemrudi. Sensia akasema hivyohivyo chemchemini, kwa sauti: “Aliyefuma juu ya maiti, kitanda kinamfuma yeye.” Wote wakaamini. Mimi pia niliamini, Dikta. Mpaka barua yako ilipofika nilikuwa bado naamini.

Ilikuwa hivi. Mwanzo uvimbe tu, hauumi, alinishikisha mara moja juu ya nguo. Mwaka mzima haukuuma. Kisha chuchu ikaingia ndani. Hilo niliona siku moja tu, alipokuwa amelala na utan imeshuka. Ngozi ilikuwa na vishimo kama ganda la chungwa, nyekundu, nikadhani ni joto. Chini ya kwapa kukawa na mafundo. Mwaka wa pili likapasuka. Nilimwosha miezi mitano. Hakumwona daktari hata mmoja, kwa sababu daktari angeuliza imeanzaje, na yeye angelazimika kusema amefuma siku za matanga. Hospitali ilikuwa mwendo wa asubuhi moja. Tulikuwa tunaliona paa lake.

Aliniapisha. “Dikta asijue. Akijua ni utan yake, hataivaa tena.” Ndiyo maana nilikuambia homa. Siyo kwa ajili ya Mama. Ilikuwa kwa ajili yako.

Nimekuua na huo wema. Au sijui kama nimekuua, niambie.

Nenda kwa daktari. Usimalize hata kusoma hii. Siprianus anapanda meli kesho, nimemwambia asiipeleke kwa karani wala kwa mtu yeyote, akutafute wewe mpaka chini ya michikichi.

Kristina


Tawau
6 Mei 1997

Dada Kristina,

Nawasalimu wote. Naandika kwa taabu kwa sababu mkono wa kushoto haushiki karatasi vizuri, inateleza. Gaspar anaishikilia, kwa hiyo anasoma kila ninachoandika. Anakusalimu.

Siprianus alinikuta chini ya michikichi kweli. Nilisoma nimekaa juu ya gunia. Nikasimama, nikaenda kwa Misi Rosnah na viatu vya tope. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza, alinawa mikono, akapasha vidole vyake moto kwa kuvisugua, akanipapasa, akaandika barua ya hospitali. Ningependa angenigombeza.

Walitoa kipande kwa sindano. Ilikuwa kansa. Walikata titi lote na tezi za kwapani, mbili kati ya hizo zilikuwa zimeshikwa. Sasa nachomwa dawa kila baada ya wiki tatu. Nywele zimenyonyoka, Ludgardis ameninunulia kilemba cha rangi ya embe. Daktari ni kijana, Mchina, anaongea kama ana haraka ya kwenda kula. Nikamuuliza, “Nimechelewa?” Akasema, “Umechelewa. Hujachelewa kabisa. Ungekuja mwaka jana mazungumzo yangekuwa mafupi zaidi.” Hakusema nitapona, hakusema nitakufa. Ndivyo ilivyo, dada, kwa hiyo usiniulize tena kama umeniua. Mimi nilikuwa na miguu. Zahanati ya Misi iko nyuma ya mizani.

Nilimwambia Misi habari za kitanda cha kufumia. Sikutaka, lakini alikuwa amekaa tu pembeni ya kitanda changu akimenya chungwa. Hakucheka. Akasema, “Mti haukuleta. Kugongwa hakuleti kansa, na kufuma hakuleti, iwe siku za matanga au siku ya harusi. Mama yako angeugua hata kama angekaa amekunja mikono. Kilichomuua ni mlango kufungwa.” Halafu akanipa kipande cha chungwa. Nililiangalia lile ganda, sikuweza kukila.

Utan ya kipaimara ninayo. Nilikuja nayo huku tangu siku ya kwanza, iko chini ya sanduku. Nilimwambia Gaspar ailete hospitali. Nilijifunika nayo. Sikuhisi kitu, si huzuni, si Mama, sikuhisi kitu kabisa, lakini nilijifunika nayo siku zote tisa.

Jambo la kwanza. Ile utan unayonifumia usiitume. Juzi nilijaribu kuoga kama tunavyooga. Saruni niliipandisha kwapani, nikaifunga, ikashuka. Upande wa kushoto hakuna cha kuishikilia. Nilijaribu mara nne, Ludgardis amesimama na ndoo. Mwisho nikaiacha ianguke, nikaoga uchi mbele yake. Hakusema utani wowote, na Ludgardis kukosa utani ni kama jogoo kukosa sauti. Mpe Modesta, yeye ana pa kuifungia.

Jambo la pili. Wewe ni binti wa Mama kama mimi, na una miaka tisa zaidi yangu. Jiangalie. Siyo kwa mkono juu ya nguo. Vua.

Dikta


Wolokelan
15 Julai 1997

Dikta mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa shemeji anayeshikilia karatasi. Shemeji, asante. Blasius anakusalimu, amekuchagulia jogoo na kumpa jina lako, anasubiri urudi tumle. Kuku wengine wazima.

Barua yako niliisoma nimesimama. Niliirudia. Kisha nikaiweka chini ya sanamu ya Bikira, nikaenda shambani, nikalima mistari miwili ya mihogo, nikarudi. Ilikuwa mchana, jua kichwani. Modesta alikuwa hayupo. Nikafunga mlango kwa komeo.

Nilivua, Dikta. Nina miaka arobaini na nne, nimezaa, nimenyonyesha, na nilikuwa sijui kwamba la kulia ni kubwa kuliko la kushoto. Nilisimama na kile kioo cha Blasius cha kunyolea, kidogo kama kiganja, nikawa najiona kipande kipande. Niliona haya, kana kwamba nimeingia chumba cha mtu mwingine bila hodi. Halafu haya ikaisha, hapakubaki kitu. Nikainua mikono kama ulivyoandika. Nikapapasa. Chini ya la kulia, palepale pa Mama, kulikuwa na kitu.

Sikulia. Nilivaa nikapika.

Siku tatu sikumwambia mtu. Ona jinsi nilivyo! Siku tatu, na barua yako iko chini ya Bikira. Siku ya nne Modesta alinitazama tukila akasema, “Mama, unakula kama mtu anayetafuna karatasi. Uko wapi?” Nikasema kwa sauti, mbele ya Blasius, mdomo una chakula, “Nina uvimbe kwenye titi.” Blasius aliangusha kijiko. Asubuhi tulikwenda wote watatu mpaka ile hospitali ambayo Mama alikuwa analiona paa lake. Daktari ni sista, mzee, mikono baridi. Alichoma sindano, yakatoka maji tu, ya njano, uvimbe ukanywea palepale. Akasema huo ni mfuko wa maji, si kitu kibaya, lakini kwa sababu ya Mama na wewe nirudi kila mwaka, na Modesta naye aanze kuja. Nikamuuliza kama ni kitanda. Akasema, “Kitanda gani?” Nikaona jinsi jambo lililotufunga miaka ishirini lisivyo na maana nje ya kijiji chetu.

Nina hasira, Dikta. Kitu pekee ninachohisi vizuri ni hasira. Langu lilikuwa maji, na mimi ndiye niliyesema homa.

Jumamosi nilikwenda chemchemini saa ile wanawake wote wapo. Sensia alikuwa anasugua sufuria. Nikaweka ndoo chini nikasema, “Mama yangu alikufa kwa kansa ya titi. Dikta amekatwa titi Tawau kwa ugonjwa huohuo. Siyo kitanda.”

Sensia akasema, “Nani alisema kitanda?”

“Wewe.”

“Zamani hizo, Kristina. Tulisema vile tulivyojua.”

“Basi sasa unajua kingine. Kafunge mlango wako mchana, uvue, uangalie.”

“Mimi? Na uzee huu nitaona nini? Yamekwenda kulala magotini.”

Wengine walicheka. Sikucheka, lakini niliwaambia yote yaliyo kwenye barua yako ya kwanza, ganda la chungwa, chuchu, kwapa, kisichouma. Modesta alikuwa nyuma yangu ananikumbusha nilichosahau. Jana Sensia alikuja nyumbani mchana, akakaa, akazungumza habari za chumvi, za mvua, za chumvi tena. Kisha akasema, “Hebu njoo ndani unishike hapa uniambie.” Nimempeleka kwa sista leo asubuhi. Majibu bado.

Sasa utan yako. Sitampa Modesta, ana wendawazimu wake, na kusema kweli imetoka nzuri. Yako ilikuwa imebaki kushonwa. Nimeifumua ukingo, nikatega mtande mwingine, nikafuma kipande cha tatu, urefu wa mkono mmoja. Hii haifungwi kifuani. Inapanda juu, unaipitisha kwapani kulia, upande wa kushoto unauning'iniza begani kama bibi zetu walipokwenda kucheza ngoma za mavuno. Bega unalo.

Sikutaka kukutumia kitu nisichokijaribu. Kwa hiyo nilijifunga kitambaa kifuani, nikalibana titi la kushoto mpaka likawa bapa kabisa, nikavaa utan yako, nikabeba ndoo, nikatoka. Nilipita mbele ya nyumba ya karani, mbele ya kanisa, mpaka chemchemini. Nikaoga ndani yake, nikainama, nikainua mikono yote miwili kuchukua ndoo, nikapanda nayo kichwani hadi nyumbani, na kijiji kizima kimesimama kunitazama upande mmoja bapa.

Haikuanguka. Nimeikausha kivulini, nimeikunja, Siprianus anakuletea. Ina harufu ya sabuni yangu.

Dada yako,
Kristina